«Sijambo» si «Mzima»: Historia ya Elimu juu ya Uzima wa Nafsi

Tukimwamkia mtu kwa Kiswahili cha vitabu twamwuliza: «Hujambo?» Naye ajibu: «Sijambo.» Ni kusema: hakuna jambo baya lililonipata. Lakini hapa kwetu Kongo watu huuliza zaidi: «Uko muzima?» Maulizo haya mawili yafanana, lakini si mamoja. La kwanza lauliza kama taabu haipo. La pili lauliza kama uzima upo. Mtu aweza kulijibu la kwanza bila kusema uwongo, asiwe na homa mwilini wala kilio nyumbani, na papo hapo lile la pili likamshinda.

Hatusemi hivi kwa kucheza na maneno. Katika karne ya 20 wataalamu wa Ulaya na Marekani walifanya kazi miaka mingi mpaka wakaitambua tofauti hiyohiyo, wakajifunza kuipima. Historia yao yatufaa sisi ambao kila siku twaingia nyumba za watu na kuwauliza habari. Katika makala haya hatusemi juu ya neema wala juu ya uzima wa milele. Hayo yana vitabu vyake. Twasema juu ya nafsi ya mtu mzima wa kawaida, mwenye akili zake na kazi zake: ni nini kinachomsitawisha, na ni nini kinachomnyausha.

I. Elimu iliyoanza kwa wagonjwa

Elimu ya nafsi, ile iitwayo saikolojia, si ya zamani sana. Kwa desturi huhesabiwa tangu mwaka wa 1879, Wilhelm Wundt alipofungua chumba chake cha majaribio huko Leipzig, nchini Ujerumani. Baada yake wakaja waganga wa akili, na mashuhuri kati yao ni Sigmund Freud wa Vienna. Hao walijifunza mambo ya nafsi kwa kuwasikiliza wagonjwa: wenye hofu isiyo na sababu, wenye huzuni isiyokwisha, wenye kuteswa na ndoto. Hatuwalaumu. Anayelia ndiye anayetangulia kusikilizwa. Nyumba ikiwaka moto hakuna anayesimama kupima madirisha yake.

Lakini desturi hiyo ilileta hasara moja. Afya ikawa jina la kile kinachobaki tu ugonjwa ukiisha kuondoka. Waganga walikuwa na vitabu vikubwa vyenye majina ya magonjwa. Juu ya uzima wenyewe walikuwa na kurasa chache. Mtu asiyelia alihesabiwa kuwa mzima, wala hakuna aliyemwuliza neno zaidi.

Baada ya vita kuu ya pili mawazo yalianza kugeuka. Tarehe 22 Julai 1946 wajumbe wa mataifa mengi walitia sahihi huko New York katiba ya Shirika la Afya Duniani, nayo ikaanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Katiba hiyo yakataa kuiita afya kukosa ugonjwa tu. Yataka mwili uwe vema, na akili iwe vema, na maisha ya mtu pamoja na wenzake yawe vema.

Wazee wetu wasingalishangaa kusikia hayo. Mwaka wa 1945, hapa Kongo, katika mji wa Élisabethville ambao leo ni Lubumbashi, kilipigwa chapa kwa Kifaransa kitabu cha padri Placide Tempels, Mfransisko, juu ya filosofia ya Wabantu. Padri huyo alikuwa amekaa na Baluba na kuwasikiliza. Aliandika kwamba kwao uhai ni nguvu: yaweza kuongezeka na yaweza kupungua, na mambo mengi ya maisha yao hupimwa kwa kipimo hicho. Wataalamu wa Afrika waliokuja nyuma walimkosoa, kwa kuwa aliwafanya Wabantu wote kuwa na wazo moja tu. Wamkosoe kwa haki. Lakini neno moja lilibaki, kwamba mtu aweza kupungukiwa uzima kabla hajaitwa mgonjwa.

Ilibaki kuonyesha jambo hilo kwa ushahidi. Kwa kweli ushahidi ulikuwa umekwisha kuanza kukusanywa zamani kidogo, katika kijiji kimoja cha Austria.

II. Kijiji cha Marienthal

Marienthal ni mahali padogo, si mbali na Vienna. Watu wake waliishi kwa kiwanda kimoja cha kusokota nyuzi na kufuma nguo. Baba alifanya kazi humo, mama vilevile, na watoto walijua kwamba wakikua wataingia humo. Katika miaka ya 1929 na 1930, shida ya fedha ilipoishika dunia nzima, kiwanda kilifungwa. Jamaa 478 zilikaa kijijini, watu 1,486 kwa jumla, na katika nyumba nyingi hakubaki hata mtu mmoja mwenye kazi. Serikali iliwapa msaada mdogo kwa muda, kisha msaada nao ukapungua.

Mwishoni mwa mwaka wa 1931 walifika wataalamu vijana kutoka Vienna. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Paul Lazarsfeld, Hans Zeisel na Marie Jahoda, aliyezaliwa mwaka wa 1907. Walijiwekea sharti moja linalotupendeza sana: mtu yeyote asikae kijijini kwa kutazama tu na kuandika. Kila mmoja sharti awe na kazi yenye faida kwa wenyeji. Basi walikusanya nguo Vienna na kuzigawa, wakaleta mganga, wakafundisha wanawake kukata na kushona. Hivyo waliingia nyumba za watu kama wasaidizi, wakaona mambo ambayo mgeni mwenye karatasi na kalamu tu hafunuliwi.

Waliona nini? Kwanza walifikiri kwamba watu waliokosa kazi, wenye saa nyingi mikononi, watazitumia kwa kusoma, kwa michezo, kwa vyama vyao. Ilikuwa kinyume. Maktaba ya wafanyakazi ilikuwa imeondoa malipo ya kuazima vitabu, lakini toka mwaka wa 1929 hadi 1931 hesabu ya vitabu vilivyoazimwa ilipungua karibu nusu. Kulikuwa na bustani nzuri, zamani yenye njia safi na majani yaliyokatwa. Sasa kila mtu alikuwa na nafasi ya kuitunza, wala hakuna aliyeitunza, ikawa pori.

Mmoja wao alikaa dirishani, saa mkononi, akatazama watu wapitao katika barabara kuu. Wanaume walikwenda polepole, wakasimama, wakaegemea ukuta, wakasimama tena. Wanawake walipita upesi kuliko wao, maana nyumbani kulikuwa na watoto na chakula na nguo za kufua. Tena wataalamu waliwaomba wanaume waandike walilofanya saa kwa saa. Wengi walishindwa kujaza karatasi. Waliandika kuamka, kula na kulala. Katikati ya hayo siku ilikuwa imekwenda, wala hawakujua imekwenda wapi. Hao ni watu waliokuwa zamani wakiishi kwa kengele ya kiwanda, wakilalamika kwamba muda hauwatoshi.

Na wanawake? Kazi ya kiwanda ilikuwa imewachosha sana, maana kila jioni waliirudia ile ya nyumbani. Hata hivyo wengi wao walisema kwamba kiwanda kikifunguliwa leo watarudi leo, wala si kwa ajili ya fedha tu. Kiwandani walikuwa na wenzao, na neno la kuzungumza.

Hata watoto walipimwa. Waliombwa waandike wanataka wapewe nini siku ya Noeli. Watoto wa wazazi wasio na kazi waliomba vitu vidogo kuliko wenzao wa vijiji vya karibu, na wengi walianza ombi lao kwa kusema kwamba wangependa kitu fulani kama wazazi wangekuwa na fedha. Mtoto aliyejifunza kufupisha hata haja zake, huyo si mgonjwa. Hana homa wala kidonda. Lakini nani atathubutu kumwita mzima?

Kitabu cha Marienthal kilitoka mwaka wa 1933. Watu wengi wakati ule walifikiri kwamba mtu aliyenyimwa kazi atakasirika na kuleta fujo. Jahoda na wenzake waliona kwamba kwa sehemu kubwa hakasiriki: anafifia. Nyumba zilizobaki na nguvu na mashauri ya kesho zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa zimekubali kuishi bila kutazamia kitu. Wasomaji wa Katanga waliowaona wanaume walioachishwa kazi ya migodi, wamekaa mbele ya nyumba asubuhi mpaka jioni, hawahitaji kuelezwa zaidi.

III. Gerezani, kambini, na maulizo mapya

Wataalamu hao nao walipatwa na mateso. Mwaka wa 1936 serikali ya Austria ilimtia Jahoda gerezani kwa ajili ya kazi yake katika chama cha wasosialisti, kilichokuwa kimekatazwa. Mwaka wa 1937 aliachiliwa kwa sharti la kuondoka nchini, akaenda Uingereza.

Mwenyeji mwingine wa Vienna, mganga wa akili Viktor Frankl, hakuondoka. Yeye alikuwa Myahudi. Mwaka wa 1942 alipelekwa pamoja na jamaa yake katika kambi ya Theresienstadt, na mwaka wa 1944 Auschwitz, kisha katika kambi nyingine za Bavaria mpaka alipookolewa mwaka wa 1945. Baba yake, mama yake na mke wake walikufa kambini. Mwaka wa 1946 alitoa kitabu kidogo juu ya mambo aliyoyaona. Ndani yake hakusema kwamba wenye nguvu ya nafsi waliokoka na wanyonge wakafa; alijua vema kwamba wengi waliokufa walikuwa bora kuliko waliopona. Alisema neno jingine: kwamba mtu huweza kustahimili mengi akiwa na sababu ya kuishi, na kwamba sababu ikipotea, hata mkate hautoshi.

Jahoda alifika Marekani mwaka wa 1945. Huko serikali ilikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya hospitali za wagonjwa wa akili, zilizojaa kupita kiasi. Mwaka wa 1955 baraza la kutunga sheria liliagiza uchunguzi wa nchi nzima, na tume iliyoufanya ilimwomba Jahoda aandike juu ya jambo moja: afya ya nafsi yenyewe ni nini? Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1958, nacho ni chembamba, lakini wote waliofuata wamepita mlango huo.

Kwanza alikataa majibu matatu mepesi. La kwanza: afya ni kukosa ugonjwa. Hapana, maana hilo latuambia kisichopo, halituambii kilichopo. La pili: mtu mwenye afya ni yule anayefanana na watu wengi. Hapana, kwa sababu watu wengi pamoja waweza kupotea. Naye alikuwa ametoka katika nchi zilizokuwa zimeona jambo hilo kwa macho. La tatu: mwenye afya ni mwenye furaha. Hapana tena, maana furaha hutegemea mambo yanayompata mtu. Aliyefiwa na mtoto wake akalia, hakosi afya. Kama asingelia ndipo tungeogopa.

Kisha alikusanya ishara sita alizoziona katika maandiko ya wenzake. Mtu ajijue na kujikubali. Aendelee kukua wala asisimame. Mambo yake ya ndani yashikamane, asiwe vipande vipande. Aweze kujiamulia, asichukuliwe na kila upepo. Aone mambo kama yalivyo, si kama anavyotaka yawe. Na aweze kupenda, kufanya kazi, na kuyakabili mambo ya maisha yake. Hakusema kwamba kila mtu sharti awe nazo zote, wala hakuficha kwamba katika kuzichagua watu hupima mema na mabaya, jambo ambalo sayansi peke yake haiwezi kulikata. Twaona hapo unyofu wa mtaalamu wa kweli.

IV. Vipimo

Baada ya maelezo ilikuwa zamu ya hesabu. Mwaka wa 1969 Norman Bradburn wa Chicago alitoa kitabu juu ya uchunguzi wake kati ya watu wazima wa Marekani. Alikuwa amewauliza maswali 10 juu ya majuma yaliyopita: matano juu ya mambo ya kupendeza, kama vile kufurahi kwa sababu ya kazi iliyofanikiwa, na matano juu ya mambo ya kuumiza, kama vile kujiona mpweke. Watu walidhani kwamba furaha na huzuni ni kama ndoo mbili za mizani, moja ikipanda nyingine yashuka. Kumbe si hivyo. Mtu mwenye maumivu machache hakuwa lazima mwenye furaha nyingi. Wengine walikuwa na mengi ya yote mawili, wengine hawakuwa na chochote. Ni kusema, «sijambo» na «mzima» ni vipimo viwili, na kimoja hakijazi nafasi ya kingine.

Mwaka wa 1989 Carol Ryff, mtaalamu wa Marekani, alitengeneza maswali ya kupima uzima wa nafsi kwa sehemu sita, karibu na zile za Jahoda: kujikubali, kuelewana na watu, kujiamulia, kuyamudu mambo ya maisha, kuwa na lengo, na kukua. Mwaka wa 1995 ulianza huko Marekani uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 7,000 wenye miaka 25 hadi 74. Katika hao Corey Keyes alichagua majibu ya watu 3,032, akatoa hesabu yake mwaka wa 2002. Alitumia maneno ambayo mkulima ayaelewa: wako wanaositawi na wako wanaonyauka. Katika kila watu 100, karibu 17 walikuwa wakisitawi. Karibu 57 walikuwa katikati. Karibu 14 walikuwa na huzuni iliyo ugonjwa wa kweli, inayohitaji mganga. Na 12 hawakuwa na ugonjwa huo, lakini walinyauka: siku zao tupu, hawana tamaa ya neno lolote.

Hao 12 ndio wanaotuhusu zaidi. Hawaendi hospitali, kwa kuwa hawaumwi. Hawaji kwa padri, kwa kuwa hawana jambo. Ukiwauliza «Hujambo?» watajibu vizuri kabisa.

Mtu atasema: hayo ni ya Wamarekani, sisi yatuhusu nini? Onyo hilo ni la haki, wala vipimo vilivyoshonwa kwa mwili wa mtu mmoja visivikwe mwingine bila kujaribiwa. Kwa sababu hiyo mwaka wa 2008 Keyes na wenzake wa Afrika ya Kusini walitoa uchunguzi wa watu wazima 1,050 wasemao Kitswana, walioulizwa kwa lugha yao. Kipimo kilisimama huko pia: kukosa ugonjwa kulikuwa jambo moja, kusitawi jambo jingine. Lakini kazi ya namna hiyo katika Afrika ingali changa, nasi twatamani vijana wetu waliosoma waichukue mikononi.

V. Karatasi za masista

Sasa twafika kwenye uchunguzi unaowagusa watawa wenyewe. Shirika la Masista wa Shule za Notre Dame lilianzishwa Bavaria mwaka wa 1833, nalo lina nyumba nyingi Marekani. Mwaka wa 1986 David Snowdon, mtaalamu wa magonjwa ya watu wengi, alifika katika nyumba yao ya Mankato, jimbo la Minnesota. Alitaka kujua jinsi watu wanavyozeeka. Masista walikuwa msaada mkubwa kwake: tangu ujana walikuwa wamekula chakula kimoja, wamelala nyumba za namna moja, wamefanya kazi ya shule, hawakuzaa wala hawakuvuta tumbako. Tofauti nyingi zinazowachanganya wachunguzi hazikuwapo. Masista 678, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa kila mara, tena wakakubali kwamba wakifa ubongo wao uchunguzwe. Walikuwa walimu maisha yao yote. Waliona kwamba huko nako ni kufundisha.

Katika makabati ya nyumba zao mlikuwa na hazina. Tarehe 22 Septemba 1930 mkuu wao wa Amerika ya Kaskazini alikuwa ameagiza kila sista aandike habari za maisha yake kwa ufupi, katika karatasi moja: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alisoma wapi, ni nini kilichomleta utawani. Walioandika walikuwa wasichana, kwa wastani wa miaka 22. Waliandika kwa mkono wao, wala hawakuwaza kwamba miaka 60 baadaye mtu atahesabu maneno yao.

Deborah Danner, Snowdon na Wallace Friesen walizichukua karatasi 180. Wasichana wengine walikuwa wametaja mambo tu: mwaka wa kuzaliwa, shule, siku ya kuingia. Wengine walikuwa wametaja mambo hayohayo pamoja na shukrani, matumaini, upendo, na furaha ya kuitazamia kesho. Wachunguzi walihesabu sentensi za furaha katika kila karatasi, kisha wakatazama ni nani aliyekuwa angali hai. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2001. Robo ya masista walioandika sentensi nyingi za furaha waliishi, kwa kukadiria, karibu miaka 7 kuliko robo walioandika chache.

Habari hiyo ilienea duniani, na wengi waliichukua vibaya. Walisema: furahini, mtaishi sana. Sisi tusifanye haraka hivyo. Karatasi ya sista haionyeshi kwamba furaha yenyewe ndiyo iliyoongeza miaka. Huenda aliyezaliwa na mwili wenye nguvu ni mwepesi wa kufurahi, na mwili huohuo ndio uliomfikisha uzeeni. Mwaka wa 2015 wachunguzi wa Uingereza walitoa hesabu ya wanawake zaidi ya 700,000. Waliona kwamba wasio na furaha walikufa upesi zaidi. Lakini walipohesabu ugonjwa ambao wengi wao walikuwa nao tangu mwanzo, tofauti ilitoweka. Ugonjwa ndio uliokuwa umeleta huzuni na kufa pia. Basi anayemwambia mgonjwa kwamba angepona kama angefurahi, amemwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, wala sayansi haimpi ruhusa hiyo.

Hata hivyo masista walitufundisha jambo. Mmoja wao aliyekufa na zaidi ya miaka 101 alijibu maswali ya akili vizuri mpaka karibu na mwisho. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na alama nyingi za ugonjwa wa Alzheimer, ule unaowasahaulisha wazee hata majina ya watoto wao. Kwa macho ya mganga ugonjwa ulikuwapo. Katika maisha yake haukuonekana. Tulisema mtu aweza kukosa ugonjwa asiwe mzima. Kumbe na hili laweza kutokea, mtu awe na ugonjwa na uzima wake uonekane.

Uchunguzi mwingine mrefu waelekea upande uleule. Mwaka wa 1938 chuo kikuu cha Harvard kilianza kuwafuata wanafunzi wake wanaume 268, kisha wakaungana na kundi la vijana 456 wa mitaa maskini ya Boston. George Vaillant aliiongoza kazi hiyo miaka mingi. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa na mali na majina makubwa. Mmoja, John F. Kennedy, alikuwa rais wa nchi. Lakini uzee mwema haukufuata fedha wala cheo. Walioelewana vema na watu wao wakiwa na miaka 50, hao kwa kawaida walikutwa na afya njema zaidi wakifika 80.

VI. Tutumieje historia hii?

Tukiyakusanya hayo yote twaona njia moja. Wafumaji wa Marienthal walipoteza mshahara, na pamoja nao wakapoteza mpango wa siku, wenzao, na kazi yenye kuwafaa wengine. Jahoda alikuja kuyaeleza hayo wazi alipokuwa mzee, katika kitabu cha mwaka wa 1982. Akafa Uingereza mwaka wa 2001, mwaka uleule karatasi za masista zilipotoka. Frankl alitaja sababu ya kuishi. Harvard ilionyesha watu wa karibu. Hakuna hata mmoja aliyegundua dawa mpya. Waliona kwamba nafsi yaishi kwa kazi, kwa wenzake, na kwa kujua yaishi kwa ajili gani. Ikinyimwa vitu hivyo yanyauka polepole, bila kelele.

Basi, ndugu mafratri na walimu katekista, tukiingia katika nyumba, tusiridhike na «sijambo». Tumwulize mtu siku yake inapitaje toka asubuhi. Tumwulize ni nani anayemtembelea, naye amtembelea nani. Tutazame kama ana kazi yoyote ambayo wenzake wangeikosa kama asingeifanya. Na tukiona amefifia, tusimwachie maneno matupu ya kumtia moyo: tumpe nafasi, hata ndogo, ya kuwa na faida. Mzee aliyeachishwa kazi aweza kutunza hesabu za jumuiya, kuwafundisha vijana useremala, kulinda miche ya shule. Wale vijana wa Vienna waliliona hilo kabla yetu: waliwafundisha wanawake kushona kwanza, ndipo wakawauliza maswali.

Lakini tukimwona mtu ambaye huzuni imemshika majuma mengi, halali, hali, au asema ni heri afe, huyo si wa mashauri yetu peke yetu. Tumpeleke kwa mganga upesi, tena twende naye. Kumwambia aombe tu, wakati ni mgonjwa, ni kosa lilelile la kumwambia afurahi.

Wataalamu walihitaji karibu miaka 100, toka Leipzig hadi Chicago, kutambua kwamba maulizo ni mawili. Mama zetu sokoni huuliza lile la pili kila asubuhi: «Uko muzima?» Tulichobakiza sisi ni kukaa na kungoja jibu.